Jina la Kabla ya Unyago

Teodosia alikuwa hoi. Mwaka 2008 wote, yeye karani wa kadi katika hospitali moja ya Nachingwea, alikuwa anahamishia kadi za wagonjwa kwenye kompyuta, mpaka macho yanamwasha. Wakubwa walisema kazi itakuwa nyepesi. Nyepesi kwa nani, hawakusema.

Asubuhi hiyo Bibi Hadija alifika kutoka Kilimarondo na mjukuu wake Swaumu, binti wa miaka kumi na minne, kifua kimembana, anahema kwa shida. Daktari alishaandika sindano na nesi Beatrisi alishaivuta dawa.

"Ngojeni kwanza," bibi akasema. "Utotoni sindano moja ya hapa hapa nusura imuue. Alivimba mpaka macho yakafumba. Ni ipi, mimi siijui. Nyie mliandika."

Teodosia akatafuta Swaumu. Hakuna. Kwa kompyuta, huyu ni mgonjwa mpya kabisa.

Teodosia naye ni Mmakua kama wao, akajua pa kuuliza. "Bibi, kabla ya kuchezwa unyago aliitwa nani?"

Bibi akainamisha uso. Jina la utotoni likishaachwa unyagoni halitajwi tena. Kumtajia mwenyewe mbele za watu ni kumtukana.

"Mficha uchi hazai, bibi yangu," Teodosia akamwambia taratibu.

Bibi akamwangalia mjukuu anavyohema, kisha akamnong'oneza Teodosia sikioni. Jina lenyewe na libaki huko huko.

Akaliandika, kadi ikatokea: jina, kijiji, mwaka. Penye dawa zinazomdhuru, patupu.

Teodosia alijisikia vibaya mno. Kadi ile aliiingiza mwenyewe. Kwa uchovu, maandishi ya wino mwekundu alikuwa anayaruka, anasema atayarudia kesho. Kesho gani.

Akachukua ufunguo, akakimbilia stoo, kwenye viroba vya kadi zinazosubiri kuchomwa. Kiroba cha tatu ndicho kilichokuwa nayo. Wino mwekundu: asipewe penisilini. Beatrisi akaisoma, akaliweka bomba la sindano chini, akaenda kumwomba daktari abadili dawa.

Ilipofika alasiri Swaumu alikuwa anapumua vizuri kidogo. Bibi akaja dirishani kushukuru.

"Mashine yenu nzuri, mwanangu. Imemkumbuka."

Teodosia akachukua tena ufunguo. Akarudi stoo, akaburuta kiroba cha kwanza mpaka mezani kwake, akaanza kutafuta wino mwekundu, kadi kwa kadi. Viroba vilikuwa kumi na viwili. Vinne vilishachomwa Ijumaa iliyopita.