Tumbo la Savrinisa

Savrinisa wa mji wa Istaravshan alikuwa akioka mikate tangu alipoolewa, na majirani walikuja kuichukua ingali ya moto. Kazi hiyo inataka kuinama. Unaingiza kichwa na mkono tanurini, unabandika donge la unga kwenye ukuta wake wa ndani, kisha unatoka kabla moto haujala nyusi zako. Moto alishauzoea. Kilichomtesa ni kiungulia. Kila alipoinama, maji makali yalimpanda toka tumboni hadi kooni, yakamwacha anakohoa na sauti imekauka. Alilala ameegemea mito kama mgeni anayesubiri chai. Vidonge alivimeza miaka na miaka.

Asubuhi moja yale maji yalimpalia akiwa ndani ya tanuri. Alipokurupuka kutoka, mkono ukagusa ukingo wa moto na ngozi ikababuka. Mumewe, Tolibjon, alimfunga kitambaa, na siku hiyohiyo wakaenda mji wa Khujand kwa daktari wa upasuaji, mwanamke aliyeitwa Mohira.

Daktari Mohira alimpima, akakuta umio, njia ya chakula, una vidonda. Alimweleza kwamba tundu la kwenye kiwambo, kile kinachotenga kifua na tumbo, limelegea, na kipande cha tumbo kimepanda kifuani. Vidonge vilipunguza ukali wa asidi, lakini havikuweza kuizuia isipande. Yeye angelivuta tumbo chini, akaze lile tundu, kisha azungushe sehemu ya juu ya tumbo kwenye mwisho wa umio kama skafu na kuishona. Angepitia matundu madogo tu, akiongozwa na kamera.

"Nitaweza kuinama?" Savrinisa aliuliza.

"Ukishapona, ndiyo. Kabla ya hapo huinami, hubebi kitu kizito, na mkate huuli kwa wiki kadhaa."

Nyumbani, mama mkwe wake, Bibi Oysha, alikataa katakata. "Kiungulia hakijaua mtu, mwanangu. Acha vitunguu, unywe maziwa. Nani anapasuliwa kwa ajili ya kiungulia?"

"Vitunguu niliacha zamani, mama. Maziwa nimekunywa mpaka ng'ombe ananionea huruma. Nakwenda."

Tolibjon alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akaenda kutafuta gari.

Upasuaji ulikwenda salama. Savrinisa alirudi na vidonda vidogo tumboni na amri ya kula mchuzi uliochujwa na mtindi. Tolibjon alitaka tanuri lifungwe mpaka apone, lakini Bibi Oysha alijifunga kilemba akakanda unga mwenyewe. Mikate yake ya kwanza ilitoka imepinda. Savrinisa, aliyekaa uani akitazama, alianza kumwelekeza.

"Nyamaza wewe," mkwewe akamwambia. "Mimi nilikuwa naoka hujazaliwa."

Harufu ya mikate ndiyo iliyomshinda Savrinisa. Siku moja aliiba kipande cha ganda la mkate, akakitafuna upesi. Kikakwama kifuani. Maumivu yalimfanya ashike ukuta, machozi yakamtoka, akaamini nyuzi zimekatika. Tolibjon alimrudisha Khujand. Daktari aliangalia, akakuta ganda limeshashuka na nyuzi ni nzima. Umio tu ulikuwa bado umevimba. Hakumgombeza sana, alimwambia mkate utamngoja. Savrinisa alirudi kwenye mchuzi wake na hakuiba tena, ingawa kila asubuhi alitamani.

Mengine alijifunza kuishi nayo. Kucheua hakuwezi tena kwa sababu ya ile skafu iliyoshonwa, hivyo tumbo hunguruma hata mbele ya wageni. Kwenye harusi hula pilau kidogo kidogo, na wanawake humtania kwamba anaona haya kama bibi harusi. Hucheka nao.

Daktari alipomruhusu, alisimama tena mbele ya tanuri. Alibandika mkate wa kwanza, akabaki ameinama humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Utaungua, toka huko," Bibi Oysha akasema.

Akatoka, uso umewiva kwa joto. Akameza mate, akasikiliza kifua chake.

"Kiungulia hakijapanda, mama."

Bibi Oysha alichukua donge la pili, akalitandaza vizuri, akampa.