Gari Lililomsingizia Dada Yangu

Kwa jina la Mola aliyetuumba kwa udongo na kuuamuru udongo utupokee, naanza. Na rehema zimshukie Mtume wake, aliyetufundisha kumharakisha maiti aendako na kumtaja kwa wema.

Niwapange kwanza watu wa habari hii. Wa kwanza ni dada yangu mkubwa, marehemu, aliyeosha maiti wa kike wa mtaa wetu kwa miaka thelathini na minane. Wa pili ni mpwa wangu, binti yake wa pekee, aliyemwosha mama yake asubuhi ile kwa mikono yake mwenyewe. Wa tatu ni dereva wa gari la jeneza la msikiti, tuliyemwita Marashi, kwa kuwa hakuwahi kuingia garini bila kulinyunyizia. Wa nne ni fundi umeme wa magari, mwanamke wa makamo mwenye banda nyuma ya msikiti, asiye na vazi lisilo na doa la oili. Wa mwisho ni mimi, niliyeongoza swala.

Tulimswalia baada ya adhuhuri. Makaburi yapo ng'ambo ya mji, mwendo wa saa nzima kwa gari, na mlinzi hufunga lango kabla ya magharibi. Dada aliusia jambo moja tu: asilale hata usiku mmoja juu ya ardhi. Tukaliingiza jeneza, tukafunga mlango wa nyuma, Marashi akazungusha ufunguo.

Taa za dashibodi ziliwaka zote. Redio ikaanza kuimba, akaizima upesi. Honi ililia alipoijaribu. Lakini injini haikukohoa wala haikuguna.

"Betri hiyo," akasema mmoja wa majirani.

"Betri ni mpya, nimeifunga mwezi uliopita," akajibu Marashi. "Na ile ya kabla yake ilikuwa mpya pia."

Hata hivyo waliazima moto kwa waya kutoka gari jingine, wasipate kitu. Walikwangua vichwa vya betri kwa kisu, wasipate kitu. Jua likaanza kuinama. Ndipo Marashi aliposhuka, akajifuta midomo kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini iliyomfikia kila mtu:

"Nimebeba maiti miaka sita. Gari hili hukataa likipata mtu mzito. Ulizeni vizuri, pengine kuna ambaye hajamsamehe."

Maneno hayo yalipita katika safu za watu kama maji machafu chini ya mlango. Nikamsikia mmoja akimnong'oneza mwenziwe, "Mwosha maiti huona mengi. Atakuwa alitoa siri ya mtu." Mwenziwe akaitikia kwa kichwa, kama aliyekuwapo.

Nami, Mola anisitiri, nikasimama tena mbele ya jeneza, nikaita, "Mwenye haki yake kwa marehemu, amsamehe au ajitokeze." Niliita kwa sauti nzuri, yenye madoido ya msomi.

Mpwa wangu alikuwa mlangoni. "Mjomba," akasema, "ulishamwombea msamaha kabla ya swala, wakasamehe wote. Hili la sasa ni la nini?"

Hakungoja jibu, akaenda mwenyewe kumwita fundi.

Fundi alifika akipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. Hakufungua boneti. Alisema, "Kaka, washa taa kubwa. Haya, zungusha ufunguo, usiuachie."

Taa hazikufifia hata chembe.

"Betri nzima kabisa. Ingechoka, taa zingelegea. Stata haijafikiwa na moto, kuna kitu kinauzuia njiani. Gari la otomatiki haliwaki mpaka gia ikae kwenye paki au nyutro. Yako iko wapi?"

"Ipo paki."

"Ipo karibu na paki. Hiyo ni sawa na kusema umekaribia kuoga."

Wachache walicheka, wakajikohoza. Fundi akainama ndani kutazama mkono wa gia, kisha akarudisha kichwa nje haraka, akiziba pua. "Mzee," akaniambia, "njoo uone unapompandisha dada yako."

Nikaona. Aling'oa kifuniko kinachozunguka mkono wa gia, na humo shimoni mafuta ya kuku wa kukaanga yalikuwa yameganda manjano, yamechanganyika na soda iliyokauka ikawa ulimbo, na nywele, na sisimizi waliokufa wakiwa wamenasa. Mifupa ilikuwa imeota ukungu wa kijivu, mingine ikitembewa na funza. Harufu ya uvundo ilipanda ikiwa imebeba waridi la marashi mgongoni. Juu ya yote, katika njia ya gia, ulikuwa umebanwa mfupa wa paja uliotafunwa, ungali na unyevu.

"Huu ni wa leo," akasema fundi.

"Nilikuwa na njaa," akasema Marashi. "Nyie mlichelewa kumwosha."

Fundi alivuta gia hadi nyutro, akazungusha ufunguo, na injini ikawaka mara moja.

"Haya, twendeni, muda umekwisha," akasema Marashi, tayari ameshika usukani.

Mpwa wangu akasimama mbele ya gari. "Zima."

"Mwanangu, lango litafungwa," nikamwambia.

"Mama hakumlaza mtu mahali asipopaosha. Na wewe, mjomba, waambie. Kwa sauti ile ile."

Niliuchukua mfupa ule, nikauinua watu wauone. Nikasema, "Hiki ndicho kilichokataa. Dada yangu hana deni la siri ya mtu. Mimi ndugu yake, nilipoita mara ya pili, nilikuwa napekua kumbukumbu zangu nimtafutie dhambi, kwa ajili ya kuku wa dereva." Sauti haikuwa na madoido. Kinyaa nilichokuwa nacho kwa Marashi kilinirudia chote kifuani.

Yule aliyenong'ona ndiye wa kwanza kubeba ndoo. Tulilishusha jeneza, tukasugua sakafu kwa sabuni, na penye gia tukapangusa kwa kitambaa tu, kwa amri ya fundi, maji yasiingie kwenye nyaya. Mpwa alikagua kila pembe, kisha akampokonya Marashi ufunguo na kumkabidhi fundi.

Tulimkuta mlinzi ameshika mnyororo. Bumba la mwisho la udongo lilipoanguka, jua lilikuwa bado juu ya ukuta.

Mola amlaze dada yangu mahali safi. Nasi tuliobaki, atutakasie ndimi kuliko nguo zetu. Ambariki fundi yule katika mikono yake, na mpwa wangu ampe subira, na watu wa kumwosha kwa upole siku yake ikifika. Amina.