Mlangoni kwa Isaya

Asubuhi ile, katika sekondari moja karibu na Nyamuswa, mwalimu Hezron alifundisha kidato cha pili neno la Kiingereza "risk". Aliwaambia kwamba halimfai kila aliye hatarini. Anayevuka mto bila kujua kuna mamba yuko hatarini tu. Anayejua mamba yupo, akajua na atakachopoteza, kisha akavuka, huyo ndiye neno hilo linamfaa. Penina, binti wa Keraryo, aliomba mfano usiotoka kitabuni. Mwalimu aliahidi kuutafuta.

Mchana yowe likapigwa. Ng'ombe wa Keraryo walikuwa wameibwa, na wanaume wakafuata nyayo hadi uani kwa Isaya, fundi baiskeli. Huku, nyayo zikiingia kwako ni juu yako kuonyesha zilikoelekea. Mvua ilikuwa imenyesha. Nyuma ya nyumba hapakuonekana alama ya kwato hata moja. Isaya akajifungia ndani na mkewe, Matrida. Mtu mmoja akafyonza petroli kwenye bodaboda.

Hezron, jirani yao, akasimama mlangoni. Akaeleza kwa utulivu kwamba mvua hufuta nyayo, wakatazame ng'ambo ya kijito cha nyuma ya nyumba kabla ya kuua mtu.

"Mwalimu, tulikuwaga tunakuheshimu," Keraryo alisema. "Rudi kwenye chaki zako."

Hezron akatabasamu. Rungu likampata juu ya sikio, akaanguka. Mlango ukavunjwa. Isaya akakokotwa nje, akapigwa mpaka mbavu zikavunjika, akamwagiwa petroli.

Matrida akatoka. Alimwona mwalimu akivuja damu, akaliona na panga la Keraryo. Akamlalia mumewe, petroli ikamlowesha naye.

"Washeni," alisema. "Au mkatazame ng'ambo kwanza."

Keraryo akashusha panga. Likakata vidole vitatu vya mkono uliofunika kichwa cha Isaya. Matrida hakuondoka. Mwenye kiberiti akakirudisha mfukoni. Vijana wawili wakavuka kijito, na punde wakaita: kwato zilikuwa wazi kwenye tope, zikielekea porini.

Isaya alipona. Keraryo alipelekwa mahabusu Bunda.

Hezron aliporudi darasani, sikio moja lilikuwa halisikii. Fahadi, mcheshi wa darasa, alisema mwalimu alikwenda kuutafuta mfano akarudi nao kichwani. Wakacheka. Hezron alikataa.

"Niliamini hakuna mzazi atakayempiga mwalimu wa mwanawe. Sikujua kitu. Mfano ni Matrida."

Penina akasimama, akasema jambo kwa sauti ndogo. Hezron akamgeuzia sikio zima.

"Na baba?"

"Baba yako hakuweka chake hatarini. Aliweka uhai wa Isaya."

Penina akasema ng'ombe bado hawajapatikana, akakaa.