Kondoo Walioambiwa

Kitenzi *tell* kilistahili kuwa changu. Nilikisubiri tangu kamusi yetu ya Kiingereza ilipokuwa ingali kwenye herufi S, na hakuna aliyefanya kazi katika jengo lile la York ambaye hakulijua hilo. Daktari Garside, mhariri mkuu, akampa Hesketh.

"Atakayekimudu hiki," alisema, "ndiye naibu wangu."

Nilimpa Hesketh mkono wa hongera, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Tulisoma bweni moja, tukachapwa kwa fimbo moja. Alinishinda katika kriketi, akanishinda katika Kilatini, na sasa hili. Kijicho kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kitenzi chenyewe si cha mchezo. Mwingereza wa leo akikitamka, humaanisha kuambia au kusimulia. Wahenga wake walikitumia kwa maana ya kuhesabu, na kusimulia kwao kulikuwa kuyapitia mambo moja baada ya jingine, kama mtu atungaye shanga. Ndiyo maana karani wa benki azihesabuye noti angali anaitwa *teller*, jina lililotokana nacho. Sisi wa bweni tulikuwa na maana yetu pia: kuchongea. Aliyemchongea mwenzake kwa mwalimu hakusemeshwa muhula mzima, nami sijaona sababu ya kuitangua sheria hiyo ukubwani.

Asubuhi moja rasimu ya Hesketh ilipita mezani kwangu. Chini ya maana ya kuambia, alikuwa ameweka mfano kutoka katika wasia wa mfugaji wa kale, aliyeagiza kwamba kila jioni mwanawe awa-*tell* kondoo. Hesketh akafafanua kuwa wachungaji waliwapasha kondoo habari za nyumbani, kama wafuga nyuki wanavyowaambia nyuki kwamba bwana wao amefariki.

Desturi ya nyuki naijua. Baba alipofariki, mama yangu aliigonga mizinga kwa ufunguo wa nyumba, akainong'oneza. Lakini kondoo! Kijana yule aliagizwa kuwahesabu, basi.

Mlango wa Daktari ulikuwa wazi. Neno moja tu, na unaibu ungekuwa wangu. Niliinuka, nikaupita mlango ule, nikaenda kwa Hesketh.

"Hawa kondoo wako wanaambiwa nini?"

"Habari za nyumbani, bwana. Nani kafa, nani kaoa."

"Kila jioni? Ukoo gani huo unaokufa kila siku?"

Alicheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. "Mungu wangu. Kuhesabu."

"Kuhesabu."

"Umeshamwambia mzee?"

"Hesketh, unanijua tangu tukivaa kaptura. Swali gani hilo?"

"Basi, basi, usinune. Umeniokoa, ndugu yangu."

Siku iliyofuata, wakati wa chai, Daktari aliingia akiipunga ile rasimu.

"Jamani, njooni muone kazi! Mimi mwenyewe miaka yote nilidhani hawa kondoo wanapigiwa soga. Hesketh kagundua wanahesabiwa! Umeligunduaje hilo, kijana?"

"Nusura nidanganyike, Daktari," alisema Hesketh, akiupaka mkate wake siagi. "Nikalala nalo, asubuhi likafumbuka lenyewe."

Nilingoja jina langu. Hesketh aliomba jamu.

"Basi naibu tumempata," alisema Daktari, na wote wakapiga makofi, nami nikapiga. Sentensi moja ilikuwa ulimini mwangu, nzima, ya kweli, na kuitamka kungekuwa kuchongea. Niliimeza.

Daktari akanikazia macho. "Thirlby, mbona hivyo? Kazi imeanza kuonekana usoni pako."

Kwa Kiingereza alikitumia kitenzi kile kile, kwa maana yake ya mwisho: jambo kumla mtu ndani hadi wengine walione nje.

"Ni chai, Daktari. Ya moto mno."

Alipoondoka niliivuta ile rasimu, nikaitafuta maana hiyo. Hesketh alikuwa ameieleza vizuri. Sikupata hata nukta ya kusahihisha.