Fête ya Kuingia mu Shamba ya Monsieur Nicolas

Sikia, sijui hata nianzie wapi. Baba mukubwa Barthélemy, yee wa kuandika makaratasi ku bureau pa Panda, hapa Likasi, sasa ni acquéreur. Serikali ilikamata mashamba ya bazungu, yee bakamupatia ile ya Monsieur Nicolas, Mugreki, njia ya Kambove: nyumba, ng'ombe, bustani ya ma-roses yenye nkambo, babu ya Monsieur Nicolas, alipanda, byote. Minye nilifurahi kupita bote. Miaka ine nilisoma agronomie, masomo ya kulima, nikasema, basi nimepata fasi ya kutumika.

Siku ya samedi tukaingia na fête, bageni na chakula. Mama mukubwa Hortense alishaanika mashuka juu ya ma-roses. Nikaenda ku hangar kuangalia mbegu. Kila mwaka kisha kuvuna, banachagula pommes de terre, ile viazi, ndogo-ndogo, banaziweka mu giza mpaka zitoshe macho, zianze kuota. Ile njo banapanda. Nikakuta bisanduku byote mutupu.

Nikakimbia ku cuisine. Mama mukubwa iko nakaanga.

« Mama mukubwa, ile ni mbegu. »

« Mbegu gani? Mugreki alituachia bintu bya kuoza. Niko natosha ile macho moja-moja tangu asubui. »

« Macho njo inazaa. »

« Weye na masomo yako. Batu beko na njaa, leta sahani. »

Nikaenda kwa baba mukubwa, alikuwa na bageni ba bureau. Nikamuelezea pole-pole, kama vile balitufundisha. Akabaangalia.

« Munaona? Nililipa masomo, sasa anabanyima bageni chakula. »

Bakacheka bote. Nilikuwa na hasira ya kulia. Alafu nikabeba masahani. Ndiyo, nilibeba.

Papa Séraphin, mukubwa wa batumishi ba shamba, alikuwa amesimama pa mulango.

« Ulibaambia? »

« Nilibaambia. »

« Hata minye. Mara mbili. »

Baba mukubwa akamuita. « Séraphin, lundi munaanza kupanda. Hectares ngapi? »

Papa Séraphin akaangalia mu sahani yenye nilimupatia. « Citoyen patron, shamba iko tayari. Mbegu muko munaikula. »

Bageni bakaendelea kula. Kisha mumoja akaomba pilipili.

« Si kitu, » baba mukubwa akasema, « tutatafuta ingine ku soko. »

Ku soko ya Likasi, pommes de terre zote zinatokaka pa ile shamba.