Kurasa Tisa

"Programu ikiwa tayari iko wazi, ukibofya ikurudishe ulipoachia, kaka!"

"Wee, anayebofya anataka ukurasa mpya…"

"Mpya wa nini, na mama yuko…"

Mama yao alikaa katikati, ganzi tupu. Wanawe hao wawili, binti na kaka yake, ndio waliotengeneza kitufe cha kufungulia programu ya kuandikia kwenye kompyuta yake. Yeye alikuwa akiandika wasifu wa marehemu mumewe, usomwe saa kumi mazikoni, na kila alipobofya alipata ukurasa mtupu, akaanza upya.

Binti akazitandaza kurasa zote kwenye skrini. Tisa, kila moja na sentensi ile ile: "Mume wangu alikuwa mtu wa utani." Sentensi ya pili haikuwahi kuja.

"Chagua moja umalizie, mama," kaka akasema.

Mama akatazama. Chozi halikuja.

"Hebu nitanieni kidogo, kama baba yenu," akasema.