Kamati ya Kwenda Kuona Tembo

Vumbi la Bunju halina adabu. Linaingia bila hodi, linakaa kwenye kochi, linatulia juu ya picha yetu ya harusi mpaka sura yako, Baba Lulu, inakuwa ya mtu nisiyemjua. Asubuhi nikaifuta. Jioni kamati yako ikaja, ikaingia na vumbi jingine.

Kamati! Watu wazima mmejaa sebuleni kwangu, mna mwenyekiti ambaye ni wewe, mna katibu, mna ajenda na yatokanayo, kama vile kuna mtoto wa mtu anaolewa. Hakuna anayeolewa. Mnapanga kwenda Botswana kuangalia tembo.

Tembo, Baba Lulu! Pale Mikumi tembo wanavuka lami, abiria wanawapiga picha dirishani huku wanatafuna mahindi. Hao hukuwataka. Hao ni wa nyumbani, na cha nyumbani wewe unakionaga kinanuka. Unataka tembo wa nje, tembo wa Chobe, tembo wa kufuatwa kwa ndege.

Nikawasikia mnajadili sare. Jovina, katibu wenu, akasimama na kitambaa, tembo kifuani, tembo mgongoni, akauliza kina mama washone gauni au sketi na blauzi. Mkabishana mpaka soda zikaisha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani ana pasipoti. Nilikuwa jikoni, nikacheka peke yangu, kicheko kibaya cha mtu aliyechoka.

Nenda, baba. Nenda Botswana.

Mie Tupokigwe, Mnyakyusa wa Tukuyu, uliyenioa kanisani hapa hapa Bunju, Bukoba yenu sijaiona. Kila Desemba unasema mwakani. Mwakani ikifika, unasema mwakani. Lulu anasoma sasa, anaandika jina la ukoo ambao haujawahi kumshika mkono.

Na kwenu kuna jambo linanisubiri, unalijua. Mke akifikishwa nyumbani, mama mkwe humpakata mapajani mbele ya watu, kama mtoto mchanga, na kuanzia hapo ni mtoto wa nyumba ile. Asiyepakatwa ni mgeni tu, hata azae timu ya mpira. Ulinieleza wewe mwenyewe tukiwa wachumba, machozi yakikulengalenga. Muone kwanza!

Mama yako, Ma Kokushubila, miguu inamvimba. Alinipigia akasema, "Mwanangu, magoti yananiaga. Njoo wakati bado yanaweza kukubeba." Nikakuletea maneno hayo kama yalivyo. Ukajibu, macho kwenye simu, "Mama naye anapendaga kulalamika. Atasubiri. Hebu njoo umuone huyu tembo."

Nilikudharau pale. Nasema wazi, nilikudharau. Magoti hayasubiri, Baba Lulu. Tembo ndio wanaosubiri. Wana mto wao, wana majani yao, wala hawajui kama upo duniani.

Nenda, baba. Nenda Botswana.

Siku mliyokuwa mnapiga kura ya rangi ya kofia, nikamshika Lulu mkono, begi begani, nikapita katikati yenu. "Mama Lulu, vipi, unafuata vitafunwa?" ukauliza. Mwenyekiti mzima! Nikaenda Mbezi kupanda basi la Bukoba, na Dodoma ikapita, Singida ikapita, Kahama ikapita, hasira ikanisindikiza njia nzima bila kusinzia, mpaka ikaanza migomba, migomba, migomba, na mvua nyembamba juu yake.

Mama yako alikuwa amekaa mlangoni, khanga magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akanivuta.

Nikasita. Mie mwili huu, yeye miguu ile.

"Kaa," akasema. "Kaa mzima mzima, usinionee huruma."

Nikakaa. Majirani wakapiga vigelegele. Magoti yake yakatetemeka, yakatetemeka, kisha yakashika. Nikalia kwa sauti, mtu mzima mie, na sikuona aibu.

Simu ikaita. Ulikuwa wewe. Mama yako akaichukua mkononi mwangu, akaisogeza sikioni taratibu.

"Theonest, nipigie baadaye. Nimempakata mwanangu."